Gari Limegoma Kuamka

Fundi alipoinua boneti, Mzee Taratibu alishika ukingo wa dirisha la jikoni. Spana namba kumi ilikuwa bado mfukoni mwake, imeshapata joto la paja.

Hakumtarajia fundi. Alitarajia yale ya siku zote: gari ligome, yeye atikise kichwa, awalaani waliobuni magari ya umeme, kisha waondoke kwa teksi. Mbinu hiyo ilishamfaa mara tatu. Lakini leo mkwewe, mume wa binti yao, alipiga simu kutoka safarini, akaambiwa gari limekufa betri, akasema anatuma fundi sasa hivi. Mke wa mzee alikata simu, akatoka kufagia uwanja aliokuwa ameshaufagia. Chai haijapoa, fundi huyo langoni.

Siku za mwizi ni arobaini, na mzee alihisi yake ya arobaini imepambazuka.

Jina la Taratibu alipewa na abiria. Miaka thelathini na moja aliendesha basi bila kugonga hata kuku. Alipostaafu, watoto wakamnunulia hilo gari dogo la umeme, na hakuna aliyeuliza kwa nini linashinda limeegeshwa. Hakumwambia mtu kwamba ukungu umemwingia machoni, wala kwamba jicho la kulia limebaki la kutofautisha mchana na usiku tu. Wala hakumsimulia mtu habari za siku ile karibu na shule, alipoona kivuli mbele yake, akakanyaga breki kwa nguvu zote, na kivuli kikageuka kuwa mama anayemvuta mtoto kwa mkono mmoja. Mkewe alikuwa kando yake siku hiyo, ameinamia mkoba anatafuta miwani. Hakusema neno mpaka wakafika nyumbani. Mzee alimshukuru Mungu kwamba mkewe hakuona kitu.

Na leo walikuwa wanakwenda hospitali kumchukua binti yao pamoja na mjukuu wa siku mbili. Binti alishatoa amri tangu mimba ikiwa changa: "Mwanangu ataletwa nyumbani na babu yake, si na mtu mwingine." Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema. Mzee aliwaza kilio hicho kingekuwa cha nani.

"Si tuite teksi tu?" mkewe aliuliza mlangoni, anafunga kitambaa kichwani.

"Teksi?" Mzee alifoka, maana ndivyo angefoka mtu asiye na la kuficha. "Nimebeba mji mzima mimi, nishindwe kumbeba mjukuu wangu?"

"Haya, baba. Nilisema tu."

"Mzee, hebu njoo," fundi aliita.

Akatoka kwa kuhesabu: ngazi mbili, kisha hatua tisa za kokoto.

"Betri kubwa ya kutembezea gari imejaa," fundi alisema. "Ila kinacholiamsha ni hii ndogo. Haya magari yakikaa sana, ndogo ndiyo inayokufa. Nilidhani ni hivyo. Kumbe betri ni nzima, nati ya waya wake ndiyo imelegea."

"Hulegea hizo," mzee alisema.

"Kwa gari lisilotembea? Basi linatikiswa na mashetani." Fundi alicheka, akaanza kukaza. Kila mzunguko wa spana mzee aliusikia kifuani. "Tayari. Ingia uliwashe."

Mzee aliingia. Mkewe alisimama kando ya mlango, mkoba begani, blanketi la mtoto mkononi. Mbele ya kioo lango lilionekana kama malango mawili, na katikati yake kitu cheusi kilipita ambacho kingeweza kuwa paka, mfuko wa plastiki au mtoto wa jirani. Aliogopa kama ambavyo hakuwahi kuogopa maishani. Sema, alijiambia. Sema huoni. Badala yake alikanyaga breki, akabonyeza kitufe.

Kimya. Hata taa moja haikuwaka.

Akabonyeza tena, kwa sababu hakuamini bahati yake. Kimya. Nusura alie kwa furaha.

Fundi alikunja uso, akarudi kwenye boneti, akafungua kisanduku cha fyuzi, akakitazama kwa muda mrefu.

"Fyuzi moja haipo, mzee. Na hii haidondoki yenyewe. Kuna mtu kaichomoa."

"Fyuzi?" mzee aliuliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa anadanganya. Fyuzi za gari hilo hakujua hata zinakaa wapi.

Honi ikalia langoni.

"Nani kaita teksi?" mzee aliuliza.

"Mimi," mkewe alisema. "Mtoto hangoji magari." Alimshika mzee mkono, akamshusha, akamvusha kokoto. Alimkalisha kiti cha nyuma cha teksi, akamwekea blanketi mapajani. Kisha akasema kuna kitu amesahau.

Dirisha lilikuwa wazi. Mzee alisikia kandambili zake zikirudi mpaka kwenye gari, na zipu ya mkoba ikifunguliwa.

"Fyuzi yako hii hapa, mwanangu," alimwambia fundi kwa sauti ya chini. "Irudishe tukishaondoka. Na ile nati, tafadhali, ilegeze kama alivyokuwa ameiacha."