Nywele za Kwanza za Masalu

Siku Masalu aliponyolewa nywele zake za kwanza, mgodi ulimtuma afisa kuja kuzichukua. Sheria ilisema zebaki yote iliyotoka mgodini ni mali ya mgodi popote itakapokutwa: ziwani, ndani ya sangara, au ndani ya mwili wa aliyemla sangara huyo.

Afisa aliweka nywele kwenye kipimo. Taa ikawaka nyekundu.

"Mtoto wenu amebeba mali yetu."

"Huyu ananyonya!" alisema Nyamizi, mama yake. "Hata mchuzi wa samaki hajauonja."

"Ulipokuwa na mimba, shemeji, ugali ulikula na nini?"

"Na samaki wa ziwa letu. Ulitaka nile mawe yenu?"

Bibi, aliyempakata mtoto, alinyoosha mkono. "Lete hapa. Nywele za mjukuu wangu zitazikwa mgombani, kama za baba yake."

"Mkizizika, mama, mtakuwa mmeficha mali ya watu."

Akazitia mfukoni. Alipogeuka, kiwiko chake kiliangusha sufuria, ikalia sakafuni hata kuku wakatimka. Afisa mwenyewe alishtuka. Masalu hakupepesa jicho. Bibi akapiga makofi nyuma ya sikio lake, mara ya pili kwa nguvu zaidi. Mtoto aliendelea kutazama paa kwa utulivu.

Nyamizi akaziba mlango kwa mwili wake.

"Zebaki ni yenu, tumesikia. Na uziwi huu ni mali ya nani?"

Afisa alifunga mkoba wake.

"Huo ni wenu, shemeji."