Fundo la Uzi Mweupe

Mwanakuu aliuficha mkasi wake wa kushonea kofia ndani ya debe la mchele, kisha akatoka barazani kumwangalia fundi aliyelala chini ya gari la mwanawe.

Gari lenyewe, la dizeli, viti kumi, Fahmi aliachiwa na marehemu baba yake. Lilikuwa limeegeshwa pale njia ya mtaa wao wa Kibokoni inapopanuka kidogo. Tangu Jumatatu jioni taa ya manjano ilikuwa ikiwaka mbele ya usukani, na ukilikanyagia mafuta vipi, halipiti mwendo wa baiskeli. Leo ni Jumatano. Ijumaa asubuhi Fahmi alitakiwa Nanyuki, mbali huko bara, yeye na gari lake, kuanza kazi ya miaka miwili ya kuzungusha watalii, aliyotafutiwa na mjomba wake. Asipofika, yuko mwengine amekwishapangwa.

"Mashine yangu ya kupimia yasema ni sensa ya joto, hiki kipimio cha kwenye bomba la moshi," alisema Thoya, fundi wa umeme wa magari kutoka Bondeni. "Lakini sensa nimeipima, nzima. Ugonjwa uko kwenye nyaya. Ziko mbili tu, kutoka hapa mpaka kwenye kompyuta ya gari. Nitazifuata mpaka nijue."

Mwanakuu alimjua. Thoya hakuwa mtu wa kuacha jambo katikati, na siku nyingine angemsifu kwa hilo.

Hakuna aliyemtuma Mwanakuu kufanya alilolifanya. Wiki nzima alikuwa akiwaambia jamaa, "Mwacheni aende, mwanamume hakai chini ya kanga za mamake," na Fahmi akidakia kwa kicheko kikubwa, "Kibokoni nimepachoka, mama!" Neno hilo lilimchoma. Jumatatu adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini, alitoka na mkasi ndani ya buibui, akainama kama aliyeangusha pini ya mtandio. Akaukata waya mwembamba ambao Fahmi mwenyewe aliwahi kumwonyesha alipobadilisha sensa. "Huu ukikatika, mama, gari laenda kama konokono." Alirudi ndani akaswali, na swala haikumtuliza. Mama gani huyu, anayemfunga mwanawe miguu?

"Thoya," Fahmi aliita kutoka ndani ya gari, "kama haliwezekani, basi. Nitampigia mjomba simu, nimwambie haikuwa riziki."

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini sana. Mwanakuu alijiona mchawi. Riziki ya mtoto ilikuwa inapotea mbele ya macho yake, na aliyeipoteza ni yeye.

"Hakuna kupiga simu!" alisema kwa ukali. "Thoya, tengeneza. Lazima aende." Akachukua tochi, akapiga magoti juu ya mawe na kummulikia fundi. Magoti yalimuuma, akaona yamestahili.

Ghafla Thoya akaacha kuzifuata nyaya. Mkononi alishika ncha mbili za waya uliokatwa. Kila ncha ilikuwa imekunjwa na kuzungushiwa uzi mweupe wa kofia, ukamalizikia kwa fundo dogo la vitanzi vitatu.

Mwanakuu hakukumbuka hata kulifunga. Mkono ulifanya wenyewe, kwa uzi usiokosekana mfukoni mwake. Kwa miaka arobaini ya kushona kofia za vito, zinazotarizwa kwa mkono, hakuwahi kuacha ncha ikining'inia. Hata Fahmi, alipokuwa mdogo na kukaa naye barazani akimsaidia, alichapwa vidole kwa kosa hilo, mpaka akawa na mazoea ya kuvificha kwapani kila anapoharibu.

Thoya aliutazama uzi, akamtazama Mwanakuu. Kisha akaufungua taratibu na kuutia mfukoni.

"Panya," alisema kwa sauti ya kufika ndani ya gari. "Panya wa mji huu hawana adabu."

"Panya?" Fahmi alitoa kichwa dirishani. "Huko chini?"

Mwanakuu alilengwalengwa na machozi. Kusitiriwa namna ile kulimuumiza kuliko kama angefokewa mbele ya majirani. Aliweka nia palepale: gari likipona, atamweleza Fahmi kila kitu kabla hajaondoka, amkasirikie akitaka.

Thoya aliunga waya, akaufunika vizuri, akafuta kosa kwenye mashine yake na kuwasha gari. Taa ikazimika kidogo. Ikawaka tena.

Akapima upya. "Huu wa kwanza umepona. Wa pili haupitishi kitu."

Mwanakuu alishangaa. Yeye alikata mmoja tu.

"Itakuwa kompyuta yenyewe imekufa," alisema Fahmi kwa haraka. "Achana nayo, ndugu yangu. Umechoka."

"Nimesema nitazifuata. Hebu nipe ufunguo wa kisanduku hiki cha mbele, kompyuta iko nyuma yake."

Ufunguo ulikuwa mmoja, na haukuwahi kutoka mfukoni mwa Fahmi. Aliutafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Thoya alifungua kisanduku, akatoa kifuniko cha nyuma, akaivuta soketi ya kompyuta. Waya mmoja ulikuwa umechomolewa.

"Mama, nimulikie hapa," alisema Thoya.

Mwanakuu alisogeza tochi. Ncha ya waya ilikuwa imekunjwa na kuzungushiwa uzi mweupe wa kofia, ukamalizikia kwa fundo dogo la vitanzi vitatu.

Aliinua macho. Fahmi alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vya mikono yote miwili amevificha kwapani.