Sauti Iliyosafishwa

Sheria ilikataza kompyuta iliyoingiwa na virusi kurudi nyumbani na mafaili yake. Katika kituo cha kusafishia kompyuta kila faili lilifutwa, kisha mashine ikaunda jingine safi la kufanana nalo.

Zamaradi hakutaka kuipeleka laptopu yake, ila jirani alikwisha kuripoti kwamba ina virusi. Ndani mlikuwa na sauti ya marehemu mumewe, Shekuvuli, akimwimbia binti yao Semeni.

Ilipotoka kituoni walikaa sebuleni wakasikiliza. Sauti ilikuwa ya Shekuvuli kabisa, lakini haikukohoa, wala haikusahau maneno ya wimbo.

"Huyu si baba yako," Zamaradi alisema.

"Ni baba, mama. Sasa anaimba vizuri."

Zamaradi alirudi kituoni. Fundi alimsikiliza kwa adabu.

"Mama, faili la kwanza lilikuwa na kasoro nyingi. Halipo tena."

"Hizo kasoro ndizo nilizozifuata."

Fundi akainamisha kichwa, akamwita mteja mwingine.

Jioni Zamaradi mwenyewe alimwimbia Semeni wimbo ule, akikwama pale alipokuwa akikwama mumewe.

"Umekosea, mama," Semeni akasema, akaongeza sauti ya laptopu.