Kabati Lilikuwa Bado Limefungwa

Kila Jumapili mchana mimi na mume wangu tulitazama filamu mbili za kutisha zenye kisa kinachofanana, kisha tukabishana ipi kali zaidi. Jumapili hiyo mdogo wangu wa kike alijiunga nasi. Filamu zote mbili zilihusu mzimu ndani ya nyumba.

Ya kwanza iliisha. "Ya kitoto hii," mume wangu alisema. "Mzimu gani unapiga hodi?"

"Subiri ya pili, shemeji," mdogo wangu alisema.

"Kwani umeshaiona?" nilimuuliza.

"Nitaionea wapi, dada?"

Mume wangu naye akatikisa kichwa kwamba hajaiona.

Kwenye filamu ya pili, mama mmoja alikuwa akikunja nguo, nyuma yake kabati limefungwa. Palikuwa kimya kabisa. Nikageuka kuchukua chai yangu, nikawaona. Mume wangu alikuwa ameziba kikombe chake kwa kiganja. Mdogo wangu amefumba macho, vidole masikioni.

Ndipo kabati likafunguka kwa kishindo.

Nilizikumbuka zile wiki mbili nilizomuuguza mama hospitalini, mdogo wangu akabaki hapa kuniangalizia watoto.

Nikasimamisha filamu. "Mliitazama lini?"

Mdogo wangu alimtazama mume wangu kwanza.