Babu wa Sebuleni

Wageni walikuwa hawajamaliza hata soda, Wilbert keshawasimamisha mbele ya ukuta wa sebule yake, Tegeta, anawaonyesha babu.

"Huyu ndiye babu mzaa baba. Chifu mzima, kule kwetu Rungwe."

Babu yake halisi alikuwa mkulima wa ndizi, tena hakuwahi kupigwa picha. Huyu wa ukutani alinunuliwa Kinondoni mwezi uliopita kwa muuza fremu, na fremu ilikuwa ghali kuliko chifu. Lakini binti yake wa pekee, Bupe, alikuwa anaposwa na mtoto wa mwalimu mkuu mstaafu. Koo zilishachunguzwa, hazikugusana popote. Ilibaki heshima tu, na Wilbert hakutaka kuonekana mtu wa hivi hivi.

"Picha hii si ya kamera," aliendelea. "Mjerumani alimchonga kwenye bamba la shaba, mstari kwa mstari, ndipo akapiga chapa. Penye kivuli mistari inakatana kama wavu. Paji la uso kaliacha jeupe, maana yake hekima. Usinga mkononi ni utawala. Na huyo mbwa hapo miguuni ndio raia, watiifu."

Mzee Isack, baba wa mchumba, alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Jasho likamtoka. Wilbert naye likamtoka. Msomi keshanishtukia, alijisemea. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake aliona imeishia hapo hapo kwenye zulia, mbele ya wakwe.

"Na hilo bamba liko wapi siku hizi?" Mzee Isack aliuliza taratibu.

"Lilizama Ziwa Nyasa."

"Afadhali," mzee alisema, akarudi haraka kwenye kochi.

Wilbert alishusha pumzi. Mshenga wao, Mama Atuganile, ndiyo kwanza alikuwa anavaa miwani.

"Jamani, Mzee Isack! Si ndiye babu yako huyu, yule wa sebuleni kwako Boko? Hata mbwa ni yule yule!" Alianza kigelegele, akakikatisha. "Ee Mungu wangu. Basi hawa watoto ni ndugu. Ndoa hakuna."

Wilbert alimtazama Mzee Isack, Mzee Isack akamtazama Wilbert, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake naye amepita Kinondoni.

"Baba, si useme," Bupe alinong'ona, machozi yakimlengalenga. Yeye ndiye aliyeibeba fremu kutoka Kinondoni.

Praygod, mchumba wake, alimgeukia baba yake. "Mzee, sema basi na wewe."

Mzee Isack alikohoa, akatazama dari. Wilbert aliumia, aliumia kweli, maana duniani hakumpenda mtu kama alivyompenda Bupe. Kisha akajinyoosha, akaweka tai sawa, akafungua mikono yote miwili.

"Kumbe Mjerumani alipiga chapa mbili, na ya pili akapewa baba yako! Njoo nikukumbatie, ndugu yangu!"