Kisima cha Masika

Hii si hekaya ya kuchekesha. Panya Buku alikuwa hafanyi jambo bila kulipima. Aliposikia kuna shimo la kupanga pwani, alikwenda kuliona mwenyewe, masika yamekolea. Akapima kina cha shimo, akapima njia ya sokoni, akawajulia hali majirani. Mwisho akamuuliza Nguchiro, mpangaji aliyekuwa anahama, "Na maji ya kisimani, jirani?"

"Usinisikilize mimi. Yaonje mwenyewe."

Akayaonja. Yalikuwa matamu kama ya mtoni kwao bara. Papo hapo akampa Nguchiro kilemba cha kumwachia shimo, vikapu vitatu vya karanga, akiba yake yote, akahamia na mkewe na wanawe watano.

Kiangazi kilipoingia, bahari ikapenya chini kwa chini na kisima kikageuka chumvi tupu. Watoto walikunywa, kiu ikazidi. Wawili wakafa. Kurudi bara hakukuwezekana, maana shimo lake la kule lilishachukuliwa, na karanga zake hazingerudi mpaka apatikane mpangaji mwingine wa kumlipa kilemba.

Masika yaliyofuata, Kindi, jirani yake wa zamani wa bara, alipiga hodi akiwa na mkewe mja mzito.

"Kaka Buku, natafuta shimo la kupanga, nimeona nije kwako, maana wewe hujapata kukosea kipimo. Maji ya hapa vipi?"

Panya Buku akawatazama wanawe watatu waliobaki. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Usinisikilize mimi, ndugu yangu," akasema. "Yaonje mwenyewe."