Mkokoteni wa Bi Nguchiro

Kulikuwa na Bi Nguchiro, mchapakazi, na Punda, mwenye majivuno mengi kuliko mizigo aliyobeba. Bi Nguchiro alichoka kubeba mawe ya kujengea kichwani. Akaenda jalalani, akaokota magurudumu mawili yasiyolingana, ubao wa kitanda kilichovunjika na chuma cha dirisha, akaunda mkokoteni. Ulikwenda ukichechemea, lakini ulikwenda.

Punda, mchukuzi pekee wa kijiji, akavimba. "Takataka hii itanivunjia heshima!" Akaupiga teke mkokoteni, ubao ukapasuka.

"Asante, baba," alisema Bi Nguchiro. "Umenionyesha palipo dhaifu." Akagongelea ubao mwingine.

Mvua zilipoanza, Punda aliteleza korongoni, akateguka mguu. Maji yakawa yanapanda. Bi Nguchiro akateremka na mkokoteni pamoja na wifi zake saba.

"Panda, baba."

"Kwenye takataka?"

"Maji yanakuja kwako, si kwangu."

Punda akapanda. Wakamsukuma mpaka juu, wanahema, naye analalamika kwamba ubao unamchoma.

Alipopona, alikwenda kwa Bi Nguchiro. Kufika mlangoni, akageuka, akampa mgongo. Wifi wakatawanyika wakipiga kelele, "Teke hilo! Kimbia!" Bi Nguchiro akafumba macho.

Punda akarudi kinyumenyume, taratibu, mpaka akasimama katikati ya mikono ya mkokoteni uliokuwa mlangoni.

"Nifunge kamba, mama," alisema. "Tangu nizaliwe, hakuna aliyewahi kunibeba mimi."